Ukitaka kuingia kwenye vitabu vya kale vya biolojia, anza na nyungunyungu wa Darwin

MsomajiWaJioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mtu aliuliza humu: akitaka kusoma maandishi ya kale ya biolojia, yaani yale ya wagunduzi wenyewe na siyo muhtasari wa kitabu cha shule, aanzie wapi? Karibu kila aliyejibu alimwelekeza kwenye kitabu cha Darwin cha 1859, kile cha asili ya spishi. Nakiheshimu sana, ila ni mlango mgumu. Wengi wakifika kwenye kurasa za njiwa wa kufugwa, na hapo bado ni sura ya kwanza, wanakifunga. Naleta pendekezo jingine na nitalitetea: anza na kitabu chake cha mwisho, kile cha nyungunyungu.

Kilitoka Oktoba 1881, naye akafariki Aprili 1882. Ndani yake hakuna nadharia ya kukutisha. Kuna mzee, shamba, vyungu vya udongo, na subira ambayo sijaiona kwenye kitabu kingine chochote cha sayansi.

Habari yenyewe ilianza 1837. Darwin alikuwa amerudi Uingereza mwaka mmoja nyuma kutoka safari ya meli ya Beagle. Akaenda kumtembelea mjomba wake, Josiah Wedgwood, kijijini Maer, Staffordshire. Mjomba akampeleka kwenye malisho yaliyokuwa yamemwagiwa chokaa na makaa yaliyoungua miaka kadhaa kabla. Juu palikuwa nyasi tupu. Ukichimba inchi chache, unakuta chokaa na makaa vimelala chini kama tabaka, safi kabisa, kana kwamba mtu amevifukia kwa makusudi. Mjomba alikuwa na wazo lake: nyungunyungu wanameza udongo chini, wanapanda nao, wanaukunya juu, na kidogo kidogo vitu vilivyokuwa juu vinafunikwa. Darwin akalichukua wazo hilo, na Novemba 1 mwaka huohuo akalisoma mbele ya Chama cha Jiolojia cha London.

Mwingine angeishia hapo, maana makala imetoka na jina limeonekana. Yeye Desemba 1842 akatawanya vipande vya mawe ya chaki kwenye shamba la nyasi karibu na nyumba yake pale Down, mkoa wa Kent, halafu akaviacha. Akavirudia Novemba 1871. Alichimba mtaro kukatisha shamba, na kwenye kuta zote mbili za mtaro akaona mstari wa vidonge vyeupe, inchi 7 chini ya nyasi. Miaka 29 kwa inchi 7. Kipimo kimoja hicho, na kati ya kukianza na kukimaliza alipata muda wa kuandika vingi vya vile vitabu vyake vingine mnavyovijua.

Kulikuwa na shamba jingine, wenyewe wakiliita shamba la mawe. Lililimwa mara ya mwisho 1841, likabaki limejaa mawe ya gumegume. Watoto wake wakikimbia kwenye mteremko ule, mawe yalikuwa yanagongana kwa kelele. Anaandika kwamba alitilia shaka kama angeishi kuona yale makubwa yamefunikwa. Baada ya miaka 30 farasi aliweza kukimbia upande hadi upande wa shamba lile bila kwato kugonga jiwe hata moja.

Naendelea chini, msiandike katikati tafadhali.

MsomajiWaJioni

Sehemu ya pili. Hapa ndipo pananipendeza zaidi.

Darwin alikuwa na vyungu vya nyungunyungu kwenye chumba chake cha kusomea, na usiku akawa anawachunguza. Je, wanasikia? Wakapigiwa filimbi kali ya chuma, hawakushtuka. Likapulizwa basuni, ile zumari kubwa yenye sauti nzito, kwa nguvu zote, kimya. Wakapigiwa makelele, kwa uangalifu kwamba pumzi isiwafikie; kimya. Kisha vyungu vikawekwa juu ya piano yenyewe, na ilipobonyezwa noti moja ya besi, nyungunyungu wakarudi shimoni papo hapo. Kwa hiyo ni viziwi kwa sauti ya hewani, lakini mtetemo unaopita kwenye kitu wanachokigusa wanauhisi sana. Angalieni alivyotenganisha mambo mawili ambayo mtu mwenye haraka angeyachanganya.

Halafu majani. Nyungunyungu huvuta majani na kuziba nayo mdomo wa shimo. Darwin akajiuliza: wanavuta ovyo, au wanachagua upande? Akachomoa mashimoni majani makavu 227 ya aina mbalimbali. Kati ya hayo, 181 yalikuwa yamevutwa kwa ncha, 20 kwa upande wa kikonyo, na 26 yameshikwa katikati. Ukijaribu kuingiza jani kwenye tundu jembamba utaelewa mara moja kwa nini ncha itangulie.

Hapo mtu atasema: labda ni mazoea tu, ncha ina ladha tofauti. Darwin akalijibu hilo pia. Akakata pembetatu za karatasi ya kuandikia, akazipaka mafuta mabichi ya mnyama zisilainishwe na umande, akazitawanya. Karatasi haina ncha ya jani wala kikonyo, haina ladha ya mti wowote. Pembetatu 303 zilivutwa. Asilimia 62 zilishikwa kwenye pembe nyembamba, 15 katikati, 23 upande mpana. Kama ingekuwa bahati nasibu, upande mpana ungeshikwa mara nyingi zaidi, maana ndio wenye nafasi kubwa ya kushikwa. Kisha akakagua kama zilizoingia kwa pembe zimechafuka au kukunjika upande mpana, kuona kama walijaribu upande huo kwanza wakashindwa. Nyingi zilikuwa safi.

Akahitimisha kwamba mnyama huyu, asiye na macho wala masikio, ana kiasi fulani cha akili. Anasema wazi kwamba jambo hilo lilimshangaza mwenyewe kuliko kitu kingine chochote kuhusu nyungunyungu.

Nimemaliza kufungua. Karibuni, na mwenye kupinga apinge.

MwanaPCB

Shikamoo mkuu. Mimi niko form six, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Uzi mzuri sana ila niulize kwa nia njema: kwenye mtihani hivi vitu vinanisaidia nini? Sisi tunasoma pamphlet na past papers, muda wenyewe hautoshi.

MsomajiWaJioni

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni halali. Past papers endelea nazo, sikuzuii.

Kwenye practical unaulizwa jaribio la ulinganisho ni lipi na lina kazi gani. Wengi wanakariri jibu. Sasa chukua Francesco Redi, daktari wa Italia, kitabu chake cha 1668. Zama zake watu waliamini funza wanajizukia wenyewe kwenye nyama iliyooza. Redi akatia nyama kwenye chupa: nyoka, samaki, mikunga, na nyama ya ndama. Nne akazifunga vizuri, nyingine nne za nyama zilezile akaziacha wazi. Zilizo wazi zikajaa funza, zilizofungwa hazikutoa hata mmoja. Akajipinga mwenyewe: labda ni kukosa hewa ndiko kulikozuia. Basi akarudia kwa kufunika na kitambaa chepesi cha shashi, hewa inapita, nzi hapiti. Bado nyama haikutoa funza.

Ukisoma Redi mara moja, swali la jaribio la ulinganisho hulikariri tena. Umeona mtu akilihitaji. Na ukiendelea kumsoma utakuta huyohuyo Redi akisema wadudu wa kwenye vinundu vya mimea wanazalishwa na mmea wenyewe. Kitabu cha shule hakikuonyeshi hilo, kinakupa Redi mshindi tu. Nadhani mwanafunzi ananufaika zaidi akimwona mtu mwerevu amefika nusu ya njia.

Mlamu

Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma kwa raha, lakini nina lalamiko. Kila uzi wa vitabu vya kale humu unaanzia London. Al-Jahiz, mwandishi wa Kiarabu wa Basra, aliandika Kitab al-Hayawan (Kitabu cha Wanyama) miaka elfu moja kabla ya huyo Darwin wenu, mijaladi saba. Na ni mtu ambaye pwani yetu inamhusu: aliandika risala kuwatetea watu weusi mbele ya weupe, na Zanji, yaani watu weusi wa pwani yetu, wamo ndani. Alifariki kwenye 868, mwaka mmoja tu kabla Zanji wa mabwawa ya Basra hawajaasi. Yeye ndiye aliyesema kwanza wanyama wanagombania uhai na kubadilika. Mbona hatajwi?

MsomajiWaJioni

Wa alaykum salaam sheikh. Nashukuru umemleta. Mwenye Kiarabu asimwache, na nitasema kwa nini, ila kwanza niweke mpaka.

Hoja kwamba al-Jahiz alitangulia nadharia ya Darwin inazunguka sana mitandaoni. Kweli anaeleza vizuri jinsi mnyama mmoja anavyomla mwingine, na huyo naye akaliwa na mwenye nguvu zaidi. Anagusia pia jinsi mazingira yanavyobadilisha maumbile. Lakini kwake huo mpangilio wote ni dalili ya hekima ya Mwenyezi Mungu aliyeuweka. Wazo la tofauti ndogondogo zinazorithiwa, zikachujwa kizazi baada ya kizazi hadi spishi mpya ipatikane, halimo. Tukimvika kanzu ya Darwin tunamnyima ukubwa wake mwenyewe, nao ni mwingi. Majaladi mawili ya mwanzo yana mjadala mrefu kati ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo, kila mmoja akileta mashairi, hadithi za Mabedui, Aya na yale aliyoyashuhudia kwa macho. Aristotle anamwita mwenye mantiki, anamnukuu, kisha pasipomridhisha anambana. Ni kitabu cha kuishi nacho, ukifungua popote unapata kitu.

Lakini kama unataka Mwislamu wa kale aliyeandika biolojia kwa hoja kali, mlete Ibn al-Nafis. Mwaka 1242, kijana wa chini ya miaka 30, aliandika sherehe, yaani ufafanuzi, ya sehemu za anatomia za Kanuni, kitabu cha tiba cha Ibn Sina. Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, alikuwa amefundisha kwamba damu inavuka kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana kwenye ukuta wa katikati. Ibn al-Nafis akakataa: ukuta huo ni mzito, hauna njia, si ya kuonekana wala isiyoonekana. Kwa hiyo lazima damu iende mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Kazi hiyo ilikaa maktabani hadi 1924, pale daktari wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoikuta Berlin akiwa anaandika tasnifu yake.

Na hapo ndipo William Harvey, daktari wa Uingereza, anaposomeka vizuri. Kitabu chake cha moyo na damu kilichapishwa Frankfurt 1628, kwa Kilatini, kurasa 72 tu. Galen alidai damu inatengenezwa kwenye ini kutokana na chakula na inatumika mwilini ikaisha. Harvey akafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chukua kwamba moyo unasukuma nusu aunsi kila pigo. Kwa nusu saa unapiga zaidi ya mara 1,000. Hiyo ni aunsi 500, kilo 14 hivi, kwa nusu saa! Mwili mzima hauna damu ya kiasi hicho, na hakuna mtu anayekula chakula cha kuitengeneza. Basi damu ni ileile inazunguka. Na leo tunajua moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma karibu mililita 70 kwa pigo, kwa hiyo makadirio yake yalikuwa madogo mno na bado hoja ilisimama.

Jaribio lake la mkono fanyeni wenyewe sasa hivi. Funga kitambaa juu ya kiwiko, usikaze sana. Mishipa ya mkono itavimba na utaona vifundo vidogo hapa na pale, hivyo ni vali, vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma. Bonyeza kidole kimoja kwenye mshipa, upande wa chini ya kifundo. Kwa kidole cha pili usukume damu kuelekea juu hadi uvuke kifundo, kisha uachie hicho cha pili. Kipande cha mshipa kati ya kidole cha kwanza na kifundo kinabaki kitupu, damu ya juu haishuki. Ondoa kidole cha kwanza, kinajaa ghafla kutoka chini. Damu ya mishipa hiyo inakwenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Michoro ya mkono huo ndiyo michoro pekee ya kitabu chake, na inatosha. (Ukimaliza fungua kitambaa, usiache mkono umefungwa.)

Mlamu

Nimefanya. Imejaa kutoka chini kama ulivyosema. Kwenye al-Jahiz bado sijakubali yote, lakini la Ibn al-Nafis umenipa zawadi.

BintiTanga

Hamjambo. Naona wanaume watupu hadi sasa, wacha nimlete mwanamke.

Maria Sibylla Merian, mchoraji, mzaliwa wa Frankfurt. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, aliuza mali zake, akapanda meli na binti yake mdogo Dorothea kwenda Suriname, Amerika ya Kusini. Hakuna mfalme wala chuo kilichomtuma. Walikaa hadi 1701, akarudi Amsterdam kwa sababu ya ugonjwa. Kitabu chake kilitoka 1705: kila ukurasa una mmea, na juu ya mmea huohuo yai, kiwavi, pupa na kipepeo au nondo wake. Leo tunaona kawaida. Wakati huo wengi walikuwa wanachora wadudu waliokaushwa, mmoja mmoja kwenye karatasi nyeupe, bila kujua wanakula nini. Yeye alikuwa anawafuga hao viwavi, anawalisha, anangoja.

Kuna ukurasa mmoja ambao huwezi kuusoma ukapita. Unahusu ua zuri jekundu na njano. Merian anaandika kwamba wanawake watumwa, wenyeji wa asili wa pale na Waafrika, walikuwa wanatumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba wao wenyewe ndio waliomweleza. Fikirieni, kitabu cha vipepeo, halafu katikati sauti ya wale akina mama.

Hoja yangu kwa mwanzisha uzi: kitabu chako cha nyungunyungu ni kitamu, lakini kimeandikwa na mtu mwenye shamba lake, kipato chake na muda wake. Vitabu vya kale vya viumbe vimejaa kazi za watu wasiotajwa majina: waliobeba mizigo, waliokamata wadudu, waliosema mmea huu unatibu nini. Tukivisoma tuwatafute na hao.

MsomajiWaJioni

Dada, umeongeza jambo zito, nalipokea lote. Na kwa Darwin mwenyewe yupo mmoja anayestahili kutajwa hapa: John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyekuwa mtumwa akapata uhuru wake. Alimfundisha Darwin kukausha na kujaza ngozi za ndege pale Edinburgh mwaka 1826, Darwin akiwa mwanafunzi wa miaka 17 hivi. Kwenye tawasifu yake Darwin anamsifu kwa upole na akili, na anasema alikuwa anakaa naye mara kwa mara kuzungumza. Jina lake hakuliandika. Tumelijua kwa utafiti wa watu wa baadaye.

MkulimaMbozi

Wakuu, mimi ni mkulima, kahawa na mahindi, huku Mbozi. Mwanzisha uzi, nyungunyungu wako ni wa nchi ya mvua na baridi. Huku kuanzia Juni hadi Novemba udongo unakuwa tofali, nyungunyungu humwoni. Anayefanya kazi ni mchwa. Yeye ndiye anayeshusha majani chini na kupandisha udongo juu. Sisi tukitaka udongo mzuri wa bustani au wa matofali tunachimba kichuguu. Sasa hicho kitabu kinanihusu vipi?

MsomajiWaJioni

Mzee wangu, hili swali lako lina kitabu chake, na mwandishi alipita jirani na kwako.

Henry Drummond, Mskoti. Mwaka 1883 alipanda Zambezi na Shire hadi Ziwa Nyasa, kisha akaingia nyanda za juu zilizo kati ya Nyasa na Tanganyika. Mwaka 1888 akachapisha kitabu cha safari hiyo, na sura moja nzima ni ya mchwa. Alikuwa amesoma nyungunyungu wa Darwin, akafika huku akajiuliza swali lako hilohilo: kama nchi ni kavu na ngumu miezi kadhaa, nani anageuza udongo? Akajibu: mchwa. Anaeleza jinsi wanavyopanda mti mkavu kwa njia zao za udongo hadi matawini, wanakula ndani, na mvua ikija inaangusha udongo ule wote na kuusambaza. Akasema mchwa ndiye nyungunyungu wa nchi za joto. Yeye mwenyewe aliita nadharia tu, na hakupima kama Darwin alivyopima. Lakini uchunguzi wa baadaye umemuunga mkono kwa sehemu kubwa: mchwa wanachanganya udongo, wanatoboa njia za maji, na udongo wa kichuguu mara nyingi una rutuba kuliko wa kandokando.

Kinachonikera kwenye sura ile ni kwamba hakuna mkulima anayesema chochote. Anapita kwenye mashamba ya watu wanaojua vichuguu tangu mababu, haulizi. Hapa namrudia BintiTanga, ana haki kabisa.

Mgeni_wa_Juma

Mimi ni muumini, na vitabu vya Darwin sivigusi. Samahani kama nimewakwaza.

MsomajiWaJioni

Hujamkwaza mtu ndugu. Cha nyungunyungu hakina habari ya asili ya binadamu, ni cha udongo. Na kama bado moyo unasita, msome Mendel, mtawa wa Kikatoliki pale Brno, aliyechunguza jinsi sifa zinavyorithiwa. Makala yake ya njegere aliisoma kwa vikao viwili, Februari na Machi 1865, ikachapishwa 1866. Ni fupi, unaimaliza jioni moja na kalamu mkononi: mbegu za mviringo 5,474 kwa zenye mikunjo 1,850, gawanya mwenyewe uone inatoka karibu tatu kwa moja. Ilikaa bila kueleweka hadi 1900.

MwanaPCB

Mkuu nimeshawishika. Navipata wapi, na Kiingereza cha 1881 nitakiweza? Na je kile cha 1859 ndiyo tukiache kabisa?

MsomajiWaJioni

Vya Darwin vyote viko bure kwenye Darwin Online, na vingi vya wengine viko Project Gutenberg na Biodiversity Heritage Library. Unaweza kupakua ukasoma kwenye simu bila bando.

Kiingereza cha nyungunyungu utakiweza, sentensi zake ni za mtu anayeeleza alichokiona. Anza sura ya 2, kwenye majani na pembetatu. Kisha sura ya 3, ya chaki na shamba la mawe, ambamo pia utakuta vipimo vilivyomfikisha kwenye hoja kwamba sehemu nyingi za Uingereza nyungunyungu wanapitisha tumboni zaidi ya tani 10 za udongo mkavu kwa kila ekari kwa mwaka. Humohumo sura ya 3 yamo mawe makubwa ya kale ya Stonehenge, ambako alikwenda kuchimba 1877 akiwa na miaka 68. Sura ya 4 ni ya majengo ya Kirumi yaliyozama. Sura ya 5 na 6 zinachosha, ruka, rudi siku ukiwa na nafasi. Usiruke ya mwisho. Humo anasema plau ni uvumbuzi wa kale na wa thamani, lakini kabla binadamu hajakuwepo ardhi ilikuwa inalimwa tayari na nyungunyungu.

Na utafute sehemu anayomjibu mtu aliyempinga mwaka 1869 kwa hoja kwamba nyungunyungu ni wadogo na dhaifu mno kwa kazi kubwa hivyo. Darwin anasema huko ni kushindwa kujumlisha matokeo ya sababu ndogo inayojirudia bila kukoma, na kwamba kushindwa huko kumeichelewesha sayansi mara nyingi. Ukilishika hilo ndipo uende kwenye kile cha 1859, maana kimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Huko nako usianze na njiwa. Nenda kwenye sura za mtawanyiko wa viumbe duniani. Alitaka kujua mbegu zinafikaje visiwani, akaloweka aina 87 kwenye maji ya chumvi. Aina 64 ziliota baada ya siku 28, na chache ziliota hata baada ya siku 137. Utamkuta ni yuleyule mwenye vyungu.

MkulimaMbozi

Nina kona ya malisho nyuma ya banda, hailimwi. Nataka nijaribu hiyo ya chaki, nione huku kwetu inazama kwa kasi gani. Nitumie nini? Chokaa ya kupakia nyumba inafaa?

MsomajiWaJioni

Chokaa ya unga usitumie mzee wangu, itayeyuka kwenye mvua na ikiwa ile kali itaua viumbe unaotaka kuwapima. Tumia matofali ya kuchoma yaliyopondwa, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi hadi harage, rangi nyekundu iliyokolea uitofautishe na udongo. Tandaza juu ya nyasi bila kuchimba, eneo la mita mbili kwa mbili litatosha. Weka vigingi pembe zote nne na uandike tarehe mahali pasipopotea, kwenye daftari la mauzo ya kahawa kwa mfano. Watoto na vibarua waambiwe wasipeleke jembe pale, na ng'ombe wasikanyage, kwato zitasukuma vipande chini na utadhani ni mchwa.

Kila mwaka baada ya mvua kata kipande kidogo cha pembeni kwa kisu, siyo katikati, upime kwa rula kutoka kwenye mizizi ya nyasi hadi mstari mwekundu. Pima sehemu tatu, siyo moja. Na ukiweza tenga eneo la pili karibu na kichuguu, la ukubwa uleule na tofali lilelile, ili ulinganishe.

Ukianza tu, tuwekee picha humu kabla mvua za Novemba hazijaja.